Rangi ya Kucha Juu ya Skrubu

Kosa langu kubwa la mwanzo katika kazi ya bunduki lilikuwa kugusa skrubu ambayo tayari ilikuwa imepakwa rangi.

Inabidi nieleze. Katika karakana yetu, chumba kidogo nyuma ya duka la vifaa vya uwindaji hapa Doha, kuna desturi moja ambayo haijaandikwa ukutani lakini kila mtu anaifuata. Mtu mmoja anafunga triga, yaani kifyatulio cha bunduki, mwingine anaijaribu. Aliyefunga hajaribu kazi yake mwenyewe. Yule wa pili akiridhika, anachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ile ile ya kina mama, na kutia tone moja juu ya kila skrubu. Tone likikauka, skrubu imefungwa. Anayetaka kuigeuza tena lazima aivunje ile rangi, na akiivunja, majaribio yote yanarudiwa toka mwanzo.

Mimi niliivunja. Nikageuza skrubu robo mzunguko, nikapaka rangi upya kwa mkono wangu, nikamkabidhi mwenye bunduki, akaondoka nayo. Alikuwa anasafiri kesho yake na baba yake kwenda kuwinda.

Sikusomea kazi hii. Nilikuja Qatar kama askari wa mlangoni, na mlango wenyewe ulikuwa wa duka hilo hilo. Ulikuwa wa kioo, mzito, na kila mteja akipita ulijibamiza nyuma yake. Sikuweza kuvumilia. Niliazima bisibisi na nikatumia siku tatu kurekebisha kile chuma cha juu kinachoufunga, mpaka ukawa unajirudisha polepole bila sauti. Siku ya tatu fundi mkuu alitoka karakana na kikombe chake cha chai, akausukuma mlango, akauangalia ukijifunga, akausukuma tena.

"We kijana," akasema, "huu mlango umeufunga ama umeutongoza?"

Yeye ni mtu wa Mombasa, miaka hamsini na kitu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amekaa Ghuba miaka mingi kuliko umri wangu wote. Mwezi uliofuata aliniomba kwa meneja. Alinipa bunduki moja mbovu isiyo na mtutu nijifunzie, na mimi nikajifunza kama nilivyojifunza kila kitu maishani mwangu, peke yangu, kwa video na vitabu vya maelekezo, nikiandika kila hatua kwenye daftari. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mama yangu huko nyumbani akinitumia ujumbe wa "umeshindaje," huchukua nusu saa kujibu, kwa sababu naandika, nafuta, naandika tena, mpaka yeye mwenyewe anapiga simu kuuliza kama niko hai.

Ningependa kusema nilipenda bunduki, lakini si kweli. Sijawahi kuwinda hata sungura. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, na hapa mgeni kama mimi hamiliki bunduki. Wenyewe wanakuja nazo na vibali vyao, hasa msimu wa safari ukikaribia, tunazifanyia kazi, wanaondoka nazo. Nilichopenda ni vyuma vidogo vinavyotii. Ukigeuza hiki, kile kinasogea. Watu hawako hivyo.

Mteja huyo alikuja Jumatatu. Alikuwa Mqatari wa miaka arobaini hivi, mpole, kanzu yake nyeupe haina kunyanzi hata moja, na jambo hilo lilinifanya nimwamini papo hapo. Aliweka mezani bunduki ya kuwindia ya bolti, lile komeo la chuma unalolivuta na kulisukuma kwa mkono, si mpya, na kando yake kisanduku kidogo cha triga mpya aliyoiagiza kutoka nje.

"Sadiq," aliniambia, yaani rafiki, kama wanavyotuita wengi wetu hapa, "hii si yangu, ni ya baba. Vidole vyake vina ugonjwa wa viungo. Ile triga ya kiwandani ni nzito, akiivuta mkono unatetemeka na mnyama ameshaondoka. Nataka aivute bila maumivu. Labda hii ndiyo safari yake ya mwisho."

Maneno hayo ya mwisho yaliniingia vibaya. Mtu mwingine angesikia "fanya kazi nzuri." Mimi nilisikia "usithubutu kubakiza kasoro."

Fundi aliniruhusu niifunge mimi. Aliniambia jambo moja tu. "Wajua mpaka. Usishuke chini ya kilo moja. Na kile kikazo cha pili usikichokore. Waliokiweka kiwandani wana akili kuliko wewe na mimi."

Ndani ya triga kuna vyuma viwili vinavyoshikana kwa ukingo mwembamba. Ukivuta kidole, ukingo mmoja unateleza juu ya mwingine mpaka unauachilia, na pini inaruka mbele kugonga risasi. Skrubu moja inaamua uvute kwa nguvu kiasi gani. Nyingine inaamua kingo hizo zishikane kwa upana gani. Hiyo ya pili ndiyo ile aliyoiita kikazo cha pili.

Nilimaliza Jumatano. Fundi aliijaribu mbele yangu, bila risasi kama kawaida, maana risasi haziingii karakana yetu kabisa. Aliifungua na kuifunga bolti kwa nguvu mara nyingi, akaipigapiga kitako kwenye mpira mnene ulio sakafuni, akawasha na kuzima sefti, ile kufuli ndogo ya usalama, akaipima kwa mizani. Ikashika. Akavaa miwani, akatoa kichupa chake, akatia matone mawili, akapuliza.

"Haya, bibi harusi yuko tayari," akasema. "Mpeleke kabatini."

Ningempeleka kabatini na kwenda zangu, leo nisingekuwa na la kuandika.

Alhamisi adhuhuri fundi alienda kuswali. Nilibaki peke yangu. Niliitoa ile bunduki ili niipanguse kama fundi alivyoniagiza, nikahakikisha tena kwamba ni tupu, nikavuta triga mara moja tu. Nikasikia mchanga. Si mchanga wa kweli. Ni ile hisia kwamba kabla haijaachia, kuna mwendo mdogo mno, kama kukanyaga chembe ya sukari kwa soksi. Nikavuta tena. Upo. Mara ya tatu sikuwa tena na hakika, na kwangu kutokuwa na hakika ni kubaya zaidi ya kuwa na hakika ya ubaya.

Nilimfikiria yule mzee na vidole vyake. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Leo naweza kukiri kwamba nilikuwa namfikiria zaidi mwanawe akiivuta dukani na kunitazama. Nilikwangua rangi kwa ncha ya kisu, nikageuza kikazo cha pili robo mzunguko, nikavuta. Mchanga umeisha. Iliachia kama kijiti cha kioo kinavyovunjika. Nikavuta mara nne, tano, nikitabasamu peke yangu. Kisha nikafungua droo ya fundi, nikatoa kichupa chake, nikapaka.

Mteja alikuja alasiri. Aliivuta mara moja na nyusi zake zikapanda.

"Mashallah," akasema. "Kama siagi."

Neno hilo lilinibeba mpaka nyumbani, mtaa wa Al Rayyan.

Ijumaa asubuhi ndipo sisi Wakristo tunapoabudu hapa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Ninayeishi naye chumba, Mkenya mwenzangu, askari wa lobi katika hoteli moja West Bay, alikuwa anapiga pasi shati lake na kuimba. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na daftari. Ni kawaida yangu, kila Ijumaa, kuandika kazi za wiki kwa kalamu safi. Nina safu za kila kitu: uzito, mabadiliko, kugonga kitako, kufunga bolti kwa nguvu, sefti. Niliandika mambo ya Jumatano, nikajaza visanduku vyote. Niliandika Alhamisi, kikazo cha pili, robo mzunguko. Kisha kalamu ikasimama juu ya visanduku vya majaribio.

Sikuwa nimegonga. Sikuwa nimefunga bolti kwa nguvu hata mara moja. Nilikuwa nimevuta triga tu, kwa raha zangu.

Ni aibu kusema hili, lakini nilikuwa nimeweza kudanganya kwa rangi bila hata kujisikia mwongo, na sikuweza kutia alama moja ya uongo kwenye daftari ambalo halisomwi na mtu. Nilikaa nikitazama kisanduku kitupu. Kingo zile mbili nilikuwa nimezipunguza mpaka zinashikana kwa unywele. Bunduki ikiangushwa, ikigongwa mlangoni mwa gari, bolti ikifungwa kwa haraka na mtu mwenye mnyama mbele yake, pini inaweza kuruka yenyewe. Na safari hiyo kungekuwa na risasi ndani.

"Buda," mwenzangu akasema bila kugeuka, "unaenda kanisa ama unataka kuoa hiyo karatasi?"

"Nimeharibu bunduki ya mtu."

"Imevunjika?"

"Hapana. Inafanya kazi vizuri sana. Hiyo ndiyo shida."

Aliweka pasi kando. "Hapo umeniacha stejini. Mimi nikiharibu kitu huwa kinakataa kufanya kazi."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye rangi ya kucha alicheka kwanza, kisha akaacha.

"Sasa inaweza kujifyatua?"

"Inaweza. Sijui. Sikuijaribu."

"Na mwenyewe ako wapi?"

"Anaondoka leo jioni. Na babake."

Alikaa kitandani kwake. Sote wawili tulijua jambo moja: nikisema, naweza kufutwa kazi, na ukifutwa kazi ya bunduki kwa kudanganya, hakuna duka lingine litakalokuchukua. Ni ndege ya nyumbani na begi lile lile ulilokuja nalo. Yeye ndiye aliyelisema. "Wanaweza kukurudisha home, unajua."

"Najua."

"Na ukinyamaza, pengine haitafanya kitu."

"Pengine."

"Lakini wewe hujui kukaa na pengine. Juzi ulirudi kutoka stesheni kuangalia kama umezima jiko, na siku hiyo hatukuwa tumepika." Akasimama, akachukua shati lake. "Piga simu, msee. Mimi nitakuombea hata dakika kumi nzima. Lakini simu siwezi kukupigia."

Niliandika ujumbe kwanza. Niliufuta mara sita. Ujumbe wa saba ulikuwa mzuri mno, wenye aya mbili, ukieleza kila kitu isipokuwa kwamba kosa ni langu. Nikaufuta huo pia, nikapiga.

"Assalam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam. Wanipigia Ijumaa asubuhi? Duka laungua?"

"Hapana. Ile bunduki ya yule mzee mwenye vidole. Niliigusa."

"Si uliambiwa uipanguse?"

"Niliigusa kwa bisibisi."

Nilikuwa nikisikia kijiko chake kikizunguka ndani ya kikombe. Kikanyamaza.

"Lini?"

"Jana ulipoenda kuswali. Kikazo cha pili. Robo mzunguko."

"Na rangi?"

"Nilipaka tena mimi."

"Ulipaka wewe," akasema taratibu. "Rangi yangu."

"Ndiyo, fundi."

"Uligonga?"

"Sikugonga."

Alivuta pumzi ndefu puani. "Sikiza. Matusi ninayo, tena mengi, na mengine hujapata kuyasikia huko kwenu bara. Lakini nishatia udhu na natoka kwenda msikitini. Nikirudi nitakutukana kwa nafasi. Sasa hivi nipe namba ya mteja."

Namba nilikuwa nayo kwa sababu nilimtumia picha za kazi. Fundi akapiga, hakupokelewa. Nikapiga mimi, hakupokelewa. Ilikuwa karibu na saa ya swala ya Ijumaa, na baada ya hapo ni chakula cha familia, na hakuna anayekaa na simu mkononi mbele ya baba yake. Fundi alimwachia ujumbe wa sauti kwa Kiarabu. Nilimwomba aniambie amesema nini. "Nimemwambia asiitie risasi mpaka niione, na kwamba twamngoja dukani," akasema. "Sikumwambia kwa nini. Hilo utamwambia wewe."

Nilipanda basi kisha metro hadi karibu na duka, ingawa duka hufunguliwa saa kumi Ijumaa, nami nilifika saa saba na nusu. Nilikaa nyuma ya jengo kwenye kivuli chembamba, juu ya katoni, shati limenigandama mgongoni. Kila dakika nilitazama zile alama mbili ndogo chini ya ujumbe wa fundi, ambao nami nilikuwa nimemtumia mteja, kuona kama zimegeuka rangi ya kusomwa. Kijivu. Kijivu. Nilihesabu mambo yote yanayoweza kutokea kati ya nyumba ya mtu na uwanja wa ndege. Nilijua kabisa kwamba bunduki husafirishwa tupu, kwenye sanduku lenye kufuli, na kwamba huko njiani haiwezi kumuumiza mtu. Kujua hakukunisaidia. Mwisho wa safari yao kulikuwa na mzee mmoja na risasi.

Saa nane na dakika ishirini simu ya fundi ikajibiwa. Alinipigia papo hapo. "Atakuja saa kumi. Ndege yao ni ya usiku. Uko wapi?"

"Nje ya duka."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"La haula," akasema. "Haya tafuta maji unywe. Sitaki maiti mlangoni kabla sijaitukana."

Walikuja wote wawili. Mteja alibeba sanduku, na nyuma yake mzee wake kwa fimbo, mwembamba, ndevu fupi nyeupe, vidole vimepinda kwenye viungo kama tangawizi. Fundi alimpa kiti, akampa kahawa, akaulizia afya yake na ya ndugu zake wote. Nilitamani aharakishe, nikajua kwamba hataharakisha. Kisha akanitazama na kuinua kidevu.

Nilisema kwa Kiingereza changu na Kiarabu changu cha dukani. Kwamba kazi ilikuwa imejaribiwa na kupita. Kwamba niliibadilisha baadaye peke yangu. Kwamba nilificha. Kwamba sijui kama ni salama. Yote hayo hayakuchukua dakika moja, na nilikuwa nimeyaogopa tangu asubuhi.

Mteja aliweka sanduku mezani. Alifungua kufuli.

Fundi aliitoa bunduki, akafungua bolti, akaonyesha chemba ya risasi ilivyo tupu kwa mteja na kwa mzee, akaingiza kidole kuhakikisha. Akaanza na kitako kwenye mpira. Ikashika. Tena. Ikashika. Mara kumi, ikashika, na ndani yangu kitu kikaanza kulegea, sauti ndogo ikisema unaona, ulikuwa unajisumbua bure. Kisha akaifunga bolti kwa nguvu, kama mtu mwenye haraka. Ikashika. Tena. Ikashika. Mara ya tatu ikatoa mlio mdogo, wa pini kuruka.

Tik.

Kidole chake hakikuwa karibu na triga. Kilikuwa kimenyooka kando, sote tulikiona.

Alirudia. Tik nyingine ikaja baada ya mara nne. Mteja akanyoosha mkono, akaichukua, akaifunga mwenyewe. Mara ya pili, tik. Aliishusha mezani kwa uangalifu mkubwa.

"Sadiq. Ulijua hili jana?"

"Jana sikutaka kujua. Nimejua leo asubuhi."

"Na umepiga simu leo asubuhi."

"Ndiyo."

Alimtazama baba yake. "Baba ndani ya gari huiweka katikati ya magoti," akasema, "kitako chini, mtutu umeinamia mbele. Mimi huendesha. Yeye hukaa kiti cha nyuma yangu. Akimwona mnyama, kitu cha kwanza anachofanya ni kufunga bolti, hata kabla hajaiinua."

Niliona mahali risasi ingepita kwenye kiti.

Mzee aliuliza kinachoendelea na mwanawe akamweleza kwa Kiarabu cha haraka. Nilingoja anigeukie kwa hasira. Alininyooshea kidole chake kilichopinda na kusema maneno ambayo fundi alinitafsiria akijizuia kucheka.

"Asema kidole chake chauma, hakijafa. Nani alikwambia ataka kitu chepesi hivyo? Asema yeye si binti wa kuvuta uzi wa hariri."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mwanawe alikuwa amekisia, na mimi nikakisia juu ya makisio yake, na hakuna kati yetu aliyempa mzee aivute mwenyewe na kusema imetosha.

"Irudishe," fundi akaniambia.

"Mimi?"

"Wewe. Mie hapa nimekuja na kanzu ya Ijumaa. Niichafue kwa sababu yako?"

Bisibisi ilinianguka mara mbili. Fundi alikaa pembeni yangu akitazama kila nilichogusa, akinywa kahawa ya wageni. Nilirudisha kikazo cha pili mahali pake, kisha nikaongeza uzito kidogo, kisha tukampa mzee. Akavuta. Akatikisa kichwa, ongeza. Nikaongeza. Akavuta, akafunga macho kama anayeonja supu, akavuta tena, akasema neno moja ambalo halikuhitaji tafsiri. Nilipoipokea nikaivuta mara moja. Mchanga ulikuwepo. Ulikuwepo wazi kabisa, na mzee yule aliyewinda miaka yote ya maisha yake hakuwa ameusikia, au alikuwa ameusikia na haukumhusu.

Fundi alijaribu mara nyingi kuliko nilivyopata kumwona akijaribu kitu chochote. Kisha mteja akajaribu. Haikutoa mlio hata mara moja. Ndipo fundi alipovaa miwani na kuokota kipande cha rangi yangu ya jana, niliyokuwa nimeikwangua nikianza kurekebisha, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Tazama hili tone," akamwambia mteja. "Duara kama mwezi. Mimi tangu nizaliwe sijapata kutia tone zuri hivi. Ningeliangalia mara moja tu ningejua si langu." Akatia yake, ikachuruzika pembeni ya skrubu, mbaya kabisa. Nilitaka kuifuta. Sikuifuta.

Mteja alinipa mkono alipoondoka. Hakusema asante na sikuistahili. Alisema, "Safari ijayo nitamleta baba kwanza." Mzee alinigonga begani kwa mpini wa fimbo, si kwa nguvu sana.

Mlango ulipojifunga nyuma yao nilikwenda karakana nikakaa sakafuni kwenye ule mpira. Sikulia, ingawa nilidhani nitalia. Niliona njaa, njaa ya ajabu, kama mtu aliyefunga siku mbili. Fundi alikuwa na mahamri kwenye mfuko na nikala manne mfululizo bila kumwomba.

"Sasa yale matusi," akasema akikaa kwenye stuli.

"Nakusikiliza, fundi."

Alifikiri sana. "Mwizi wa rangi ya kucha," akasema mwishowe. "Basi. Mengine yamenipotea. Lete hiyo hamri ya mwisho."

Jumamosi tulimwambia meneja pamoja. Nilipewa barua ya onyo na mwezi mmoja wa kukaa kaunta bila kugusa chombo. Niliipokea barua ile nikiwa mwepesi hivi kwamba meneja aliniuliza kama nimeielewa. Niliielewa. Nilikuwa bado Doha, na kosa langu lilikuwa limeandikwa na mtu mwingine, kwenye karatasi ya kampuni, wazi, na hakuna aliyekufa.

Wiki mbili baadaye mteja alituma ujumbe wa sauti kwa fundi. Upepo ulikuwa unavuma ndani yake, na kwa nyuma mzee alisikika akibishana na mtu. Alikuwa amepiga risasi mbili akakosa zote mbili, na alikuwa anaulaumu upepo. Fundi aliucheza ujumbe huo mara tatu siku hiyo, na mara zote tatu niliacha nilichokuwa nafanya ili nisikilize sauti ya yule mzee.

Siku hizi nikimaliza kufunga triga, nampa fundi bunduki pamoja na bisibisi yangu, natoka karakana, na sirudi mpaka aniite. Nikihisi kasoro baada ya hapo, namwambia kwa mdomo, na tunaamua pamoja kama ni kasoro au ni mimi. Mara nyingi ni mimi. Na kabla sijaanza kazi yoyote naomba kumwona mtu atakayeishika hiyo bunduki, nimwulize mwenyewe anataka nini.